Bagamoyo haikuanzishwa mwaka 1868

Kila inapotajwa kumbukumbu ya kuanzishwa kwa Bagamoyo, husemwa kwamba mji huo uliasisiwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868. Kauli hiyo si sahihi. Mwaka huo ni wa misheni, nayo ilijengwa nje kidogo ya mji, ambao tayari ulikuwa na Washomvi, Wazaramo na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi walionunua pembe za ndovu zilizoletwa na misafara kutoka bara. Ukienda Kaole, kilomita chache kusini, utaona msikiti wa mawe ya matumbawe unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi ya nguzo ambazo zilipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Mapadre wanastahili heshima yao, hasa kwa kijiji walichowajengea watu waliokombolewa utumwani. Lakini kuwaita waasisi ni kuwafuta, isivyo haki, wavuvi, mafundi na majumbe waliowatangulia. Hata Wajerumani, waliohamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, waliukuta mji umekwisha kusimama.