Salfa: inatoka wapi na inapatikanaje

Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi anaijua salfa kama unga wa njano anaopulizia mikorosho kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Watu wa pwani waliiita kiberiti, neno lililotoka kwenye Kiarabu, na katika Biblia limebaki na maana hiyo: Sodoma na Gomora zilinyeshewa kiberiti na moto. Njiti za kuwashia zikalirithi jina hilo, maana za zamani zilichovywa salfa kichwani.

Kikemia ni elementi namba 16, alama yake S. Ikiwa safi karibu haina harufu. Ile ya mayai viza inatokana na haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu ambayo ndiyo malighafi kuu ya salfa ya leo.

Chanzo cha zamani ni volkano. Gesi zinazofuka ardhini zikipoa huacha ukoko wa njano kwenye matundu, na hata kreta ya Reusch juu ya Kibo ina matundu ya aina hiyo. Kule Kawah Ijen, kisiwani Java, wachimbaji hutandaza mabomba juu ya matundu ili gesi ipoe ndani yake. Salfa hudondoka ikiwa nyekundu iliyokolea, ikiganda inakuwa njano. Huvunjwa kwa mitaimbo na kubebwa begani katika vikapu viwili, kilo 70 na zaidi kwa safari moja, kutoka chini ya kreta hadi ukingoni. Ni kazi inayokula mapafu, na mchango wake katika soko la dunia ni mdogo mno.

Njia ya pili ni kuiyeyusha chini kwa chini. Huko Louisiana, Marekani, salfa ilikuwa chini ya mchanga uliojaa maji, kwa hiyo kuchimba shimo la kuingia watu kulishindikana. Mwaka 1894 Herman Frasch aliitoa bila mtu kushuka. Alitumia mabomba matatu, moja ndani ya jingine. La nje hupeleka maji yenye nyuzijoto 165 hivi, yaliyobanwa kwa shinikizo yasichemke. Salfa huyeyuka kwenye nyuzijoto 115 hadi 119, basi hutiririka na kukusanyika chini ya kisima. Ila salfa iliyoyeyuka ina uzito karibu mara mbili ya maji, hivyo shinikizo huipandisha nusu njia tu ndani ya bomba la kati. Bomba jembamba la ndani kabisa huingiza hewa iliyoshindiliwa, salfa inageuka povu jepesi na kupanda hadi juu. Hutoka na usafi wa zaidi ya asilimia 99. Gharama yake ni kuchemsha maji mengi mno, na Marekani ilifunga mgodi wake wa mwisho wa aina hii mwaka 2000. Osiek, Poland, bado wanaitumia.

Salfa nyingi sasa haichimbwi kabisa. Hutolewa kwenye mafuta na gesi asilia kwa sababu ni uchafu: huozesha mabomba, na ikiungua huchafua hewa. Gesi ya Songo Songo ni karibu metheni tupu, haina salfa ya kuvuna. Gesi ya kisima cha Shah, Abu Dhabi, karibu robo yake ni haidrojeni salfaidi, na salfa yake husafirishwa kwa treni hadi bandari ya Ruwais.

Gesi huoshwa kwanza kwa myeyusho wa amini (kemikali za jamii ya amonia), unaoshika haidrojeni salfaidi na kuiachia ukipashwa moto. Kisha hufuata njia ya Carl Friedrich Claus, ya mwaka 1883. Theluthi moja ya gesi huunguzwa iwe salfa dioksaidi, theluthi mbili zinazobaki hukutana nayo na kutoa salfa na mvuke. Tanuru lenye nyuzijoto 1,000 na zaidi hutoa sehemu kubwa ya salfa. Baada ya hapo gesi hupozwa, salfa ikachuruzika, gesi ikapashwa tena na kupitishwa kwenye kichocheo cha alumina (oksidi ya aluminiamu), kinachoharakisha mmenyuko. Mzunguko huo hurudiwa mara mbili au tatu, kwa sababu salfa isipoondolewa mmenyuko husimama.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni hewa inayoingizwa tanuruni kuunguza gesi. Ikizidi, kichocheo huchakaa. Ikipungua, haidrojeni salfaidi hutoka bila kuguswa. Mafuta yakiponyoka na kuingia tanuruni huacha masizi, na salfa hutoka na weusi. Gesi ikipoa mno juu ya kichocheo, salfa huganda ndani ya vitundu vyake na kuviziba.

Hata baada ya kupatikana, salfa iliyoyeyuka inataka uangalizi. Mabomba yake huzungushiwa mvuke ili ibaki kati ya nyuzijoto 125 na 150. Ikishuka chini ya hapo inaganda bombani. Ikivuka 160, molekuli zake hujifunga minyororo mirefu na salfa inakuwa nzito kama lami, pampu haiisukumi. Haidrojeni salfaidi iliyonasa ndani lazima itolewe kabla ya kupakia, maana hujikusanya juu ya tangi na kumuua anayefungua mfuniko. Pua haifai kuaminiwa: gesi ikizidi, hunusi tena kitu.

Salfa nyingi huishia kuwa asidi ya salfuriki, tani 1 ikitoa kama tani 3 za asidi. Ndiyo maana malori hupakia salfa bandarini Dar es Salaam kwenda Kongo, ambako asidi hutumika kuyeyusha shaba na kobalti kutoka kwenye mawe. Turubai juu ya mzigo huo si la kuzuia vumbi tu, ingawa vumbi la salfa likitanda hewani hulipuka kwa cheche ndogo. Salfa ikilowa, bakteria huigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo hula bodi ya lori.