Je, wajua kwa nini anayepanda milima ya Appalachian mwezi Machi hujikuta amerudi Februari?

Kaskazini mwa jimbo la Georgia, Marekani, kuna mlima uitwao Springer, wenye kimo cha mita 1,153. Kileleni, juu ya mwamba, imepakwa alama ya rangi nyeupe yenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 15. Hapo ndipo inapoanzia njia ya miguu ya Appalachian Trail. Anayezifuata alama za namna hiyo, mti kwa mti, hupita majimbo 14 na kutembea takriban kilomita 3,500 hadi afike mlima Katahdin katika jimbo la Maine. Kila mwaka watu zaidi ya 3,000 hujaribu kuimaliza yote kwa mkupuo mmoja. Anayefika mwisho ni kama mmoja kati ya wanne.

Wengi wao huanza Machi. Miti bado haina hata jani, upepo unapenya msituni bila kizuizi, na usiku maji huganda chupani. Kwa nini wasingoje joto?

Sababu ya kwanza iko mwisho wa njia. Katahdin uko mbali kaskazini, na baridi yake huwahi. Hifadhi ya Baxter, unapokaa mlima huo, huwasihi watembeaji wawe wamemaliza kabla ya tarehe 15 Oktoba. Mtu wa kawaida, ukihesabu na siku za kupumzika, huhitaji miezi mitano hadi saba. Hesabu kurudi nyuma kutoka katikati ya Oktoba, utaona Machi na Aprili ndiyo nafasi yenyewe. Anayetaka kuanzia Maine kuja kusini hulazimika kungoja karibu na Juni, maana Mei yote Katahdin huweza kuwa na theluji.

Hadi hapo ni suala la kalenda tu. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: wiki tatu za mwanzo, badala ya kutembea kuelekea kwenye joto, mtu hutembea kuelekea kwenye baridi zaidi. Watu husikia Georgia ni kusini, wakadhani kusini ni joto, wakabeba sweta moja. Kimo wamekisahau. Aliyewahi kupanda gari kutoka Mombo kwenda Lushoto anaelewa: saa moja tu, na umeshatafuta koti.

Mwaka 1918 mtaalamu wa wadudu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Andrew Hopkins, alichapisha kanuni ya kukadiria mwendo wa majira. Haja yake ilikuwa ya shambani: kumwonyesha mkulima apande ngano lini ili isishambuliwe na nzi anayeiharibu. Alieleza kwamba mashariki mwa Marekani majira ya machipuko huchelewa siku nne kwa kila digrii moja ya latitudo unapokwenda kaskazini, na siku nne nyingine kwa kila mita 120 hivi unazopanda. Ni wastani, na mwaka haufanani na mwaka, lakini ukiipeleka kanuni hiyo njiani inafafanua mengi. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Kwa hiyo kupanda mita 120, jambo la nusu saa kwa mwenye miguu mizuri, ni sawa na kusafiri kilomita 111 kaskazini.

Tuifanyie kazi. Tuseme mtu ameondoka Springer tarehe 10 Machi. Baada ya siku 20 hivi yuko Kuwohi, kilele cha milima ya Great Smoky ambacho hadi 2024 kiliitwa Clingmans Dome. Ndicho cha juu kuliko vyote katika njia nzima, mita 2,025. Amepanda karibu mita 870 kupita pale alipoanzia, hizo ni siku 29. Amesogea kaskazini digrii moja, siku nne nyingine. Jumla 33. Yeye ametumia siku 20 tu. Kalenda yake inasema tarehe 30 Machi, lakini msitu unaomzunguka uko katika hali ambayo Springer ilikuwa nayo mwishoni mwa Februari. Mimi nikiitazama hesabu hii naona ndiyo siri kubwa ya njia hii: mtu ametembea kilomita zaidi ya 300 na majira yamemrudisha nyuma.

Na si kwamba anapita kileleni na kushuka mara moja. Ndani ya Great Smoky njia hukaa juu ya mita 1,500 kwa zaidi ya kilomita 50. Machi hewa ya joto kutoka Ghuba ya Mexico hukutana huku na hewa ya baridi inayoshuka kutoka Kanada, na theluji inaweza kufika ghafla. Katikati ya Machi 1993 dhoruba moja iliangusha zaidi ya mita moja ya theluji katika milima mirefu ya eneo hili.

Hata hivyo, la kuogopwa zaidi ni mvua ya nyuzi tatu au nne juu ya sifuri. Theluji kavu unaikung'uta begani ikaanguka, lakini mvua huingia kwenye nguo. Fulana ya pamba ikishalowa haikaushwi na joto la mwili, inalinyonya, na mtu anaweza kupoa hadi akaanza kuropoka na vidole vikashindwa kufunga zipu. Ndiyo maana wazoefu huvaa sufu au nguo za nailoni, na hutunza jozi moja kavu ya soksi za kulalia ambayo haivaliwi njiani kwa hali yoyote. Kitu kingine wanacholala nacho ni chujio la maji. Ndani yake mna mirija myembamba mno, maji yaliyobaki humo yakiganda huipasua, na kwa macho huoni tofauti yoyote. Asubuhi unachuja, unakunywa, na vijidudu vimepita.

Kisha njia inashuka. Kutoka Kuwohi hadi mji mdogo wa Hot Springs, jimbo la North Carolina, ni mwendo wa siku tano au sita, na mji uko kwenye mita 405 tu. Rudia hesabu: mita 1,620 za kushuka ni siku 54. Kwa chini ya wiki moja mtembeaji ameruka karibu miezi miwili. Juu aliacha miti mikavu na barafu kwenye matope, huku chini anapita katikati ya mji, maana alama nyeupe zinafuata barabara yake kuu, na miti imeanza kutoa majani mabichi.

Kati ya hali hizo mbili, kwenye miteremko, chini ya miti isiyo na majani, mna ua jeupe dogo linalochomoza huku jani lake moja likiwa limelikumbatia bua kama shuka. Ukivunja mzizi wake hutoa utomvu mwekundu kama damu. Ua hili lina haraka. Jua linaligusa kwa wiki chache tu kabla miti mikubwa haijafunga paa la majani, kwa hiyo huchanua, huchavushwa na kutunga mbegu ndani ya muda huo. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyolikuta changa zaidi, hadi unafika mahali ambapo halijachomoza kabisa.

Majira ya machipuko huenda kaskazini kama kilomita 28 kwa siku, na hayapumziki. Mtembeaji mwenye mzigo, kwenye njia inayopinda na kupanda, hawezi kuyafuata. Ikifika Mei, akiwa Virginia, yameshampita. Anatembea kivulini ndani ya handaki la kijani, na la lile ua jeupe limebaki jani tu, maana mbegu zimeshabebwa na sisimizi.