Mafuta ya mwilini hayatokani na mafuta pekee

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba mafuta ya mwilini hutokana na kula mafuta tu. Si kweli. Wanga ukizidi mahitaji, ini lenyewe huweza kuugeuza kuwa mafuta, na lango la kazi hiyo hushikwa na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini) kiitwacho asetili-KoA kaboksilesi. Kwa msaada wa vitamini biotini, huongeza kaboni 1 kwenye asetili-KoA, kipande chenye kaboni 2 kinachotokana na wanga uliovunjwa, ikapatikana malonili-KoA, tofali la kujengea asidi za mafuta. Homoni ya insulini hukiamsha kimeng'enya hicho baada ya mlo; nishati ikipungua, hubandikwa fosfeti (kikundi chenye fosforasi) kikatulia. Linalonivutia zaidi ni hili: malonili-KoA hiyohiyo huzuia asidi za mafuta zisiingie kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli, kuchomwa, hivyo seli haijengi huku ikibomoa.