Kwa nini mwangwi unarudi msemaji anapobadilika

Lalamiko ninaloletewa mara nyingi hapa Lubumbashi ni hili: mkutano na Kinshasa ulianza vizuri, sauti safi kabisa, kisha kule msemaji akamwachia nafasi mwenzake wa upande wa pili wa meza, na papo hapo watu wa Kinshasa wakaanza kusikia maneno yao yakiwarudia. Hakuna aliyegusa kitu. Wengi huilaumu intaneti. Ni kweli intaneti huchelewesha sauti, na kadiri inavyochelewa ndivyo mwangwi unavyokera, lakini chanzo kiko kwenye ukumbi wetu: mikro zetu zinazisikia spika zetu.

Kifaa cha kufuta mwangwi hukisia. Kinachukua sauti inayopelekwa kwenye spika, kinakadiria itakavyokuwa ikishagonga kuta na kufika kwenye mikro, kisha kinaondoa makadirio hayo katika kile mikro ilichonasa. Hujirekebisha chenyewe kadiri sauti inavyopita, kwa kanuni za hesabu za ukoo wa ile ya watafiti Widrow na Hoff ya mwaka 1960. Kwa spika moja, inatosha.

Stereo, yaani sauti ya chaneli mbili, kushoto na kulia, ndiyo yenye kisa. Spika 2 na mikro 2 zinaleta njia 4, kutoka kila spika hadi kila mikro. Katika ukumbi wenye vigae chini na vioo pembeni, ambamo sauti inazunguka robo sekunde, tukipima mara 16,000 kwa sekunde, kila njia inadai namba 4,000 za kukisia. Wingi huo prosesa za leo zinaumudu. Shida ni kwamba sauti ya kushoto na ya kulia zimetoka kinywa kimoja. Ukimtuma mtoto sokoni kila siku kilo 1 ya unga na chupa 1 ya mafuta, naye akakutajia jumla tu, hata mwaka ukiisha hutajua bei ya unga. Utakisia bei mbili zinazotimiza jumla, na utaona uko sawa, mpaka siku atakaponunua kilo 2. Msemaji wa Kinshasa akibadilika, uwiano wa kushoto na kulia unabadilika, na makosa yaliyokuwa yakifichana yanajitokeza.

Watafiti Sondhi, Morgan na Hall walilichambua tatizo hili mwaka 1995. Mwaka 1998 Benesty, Morgan na Sondhi wakapendekeza dawa ninayoipenda kwa urahisi wake: kabla sauti haijafika kwenye spika, kushoto iongezewe kiasi kidogo cha nusu chanya ya wimbi lake (sehemu iliyo juu ya sifuri), na kulia nusu hasi ya lake (iliyo chini ya sifuri). Chaneli mbili zinaacha kufanana kabisa, kifaa kinapata cha kutofautisha. Kwa maneno, sikio halihisi sana. Kwa kwaya, ninaizima, muziki unaharibika.

Kwa mikutano ya maneno tupu, msimamo wangu ni mono, yaani chaneli moja tu. Stereo ina faida pale wasemaji ni wengi na msikilizaji anahitaji kujua nani ameketi wapi.

Mengine ni ya ukumbini. Sogeza mikro kutoka sentimita 80 hadi 20 karibu na mdomo, sauti ya msemaji inapanda takriban desibeli 12 bila kuongeza mwangwi. Pazia zito mbele ya vioo linasaidia. Jenereta ikinguruma dirishani, makadirio yanayumba, hivyo funga dirisha hilo au punguza kasi ya kujirekebisha. Umeme ukikatika na kifaa kikazimika, vifaa vingi huanza kujifunza upya. Hivyo wape wa Kinshasa muda wa kuzungumza peke yao kabla ninyi hamjaanza.

Ukitaka kujua kama stereo yako imetulia, usipime na msemaji mmoja. Mwombe mtu wa Kinshasa aongee kutoka mwisho mmoja wa meza, kisha ahamie mwisho wa pili bila kunyamaza, nanyi Lubumbashi mkae kimya. Anayesikiliza awe kule kule, kwa sababu mwangwi wa ukumbi wetu sisi hatuusikii. Mwangwi ukiibuka kila anapohama, rudisha mfumo kwenye mono kabla wageni hawajaketi.