Redio jamii ni nini, na mtangazaji wa kujitolea ni nani?

Visiwani Zanzibar tuna redio za aina nyingi. Ipo ya serikali, ZBC (Shirika la Utangazaji Zanzibar), yenye asili yake katika Sauti ya Unguja iliyoanza mwaka 1951. Zipo za biashara kama Zenji FM na Coconut FM, na zipo za dini. Halafu zipo redio jamii: Micheweni na Mkoani kule Pemba, Tumbatu, na Mtegani kule Makunduchi. Wengi hudhani hizi za mwisho ni redio changa za shamba zinazosubiri kukua zifanane na za mjini. Dhana hiyo inazinyima haki yao.

Redio jamii ni kituo cha wakaazi wa eneo maalumu, kisichoendeshwa kwa ajili ya kugawana faida, ambacho wakaazi wenyewe wana kauli juu ya nini kitangazwe, saa ngapi, na nani akae mbele ya maikrofoni. Leseni yake hutolewa na Tume ya Utangazaji Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, kama ilivyo kwa vituo vingine. Kinachoitofautisha ni hiyo kauli. Kenya ilipata redio ya namna hii Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, na inahesabiwa miongoni mwa za mwanzo Afrika. Ilipofika 1984 serikali ikaifunga. Wasikilizaji walikuwa nayo karibu, ila kauli ya mwisho haikuwa yao.

Mipaka ya hiyo jamii huchorwa pia na mnara. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja, na yakikuta kilima hukatika. Pemba upande wa magharibi ni vilima na mabonde matupu, kwa hiyo mtu aliye juu ya kilima anaweza kuisikia redio vizuri na jirani yake wa bondeni akasikia mkwaruzo tu.

Sasa huyo mtangazaji wa kujitolea. Aghalabu ni kijana aliyemaliza skuli na hajapata kazi, lakini pia utamkuta mwalimu, fundi cherehani, mvuvi, au mama anayelima mwani. Hana mshahara. Ana zamu. Mwenye zamu ya asubuhi hufika baada ya sala ya alfajiri, huwasha mitambo, na kabla ya muziki wowote huangalia daftari la matangazo ya vifo.

Hapa pana uzito ambao mtu wa nje anaweza asiuone. Kwetu maiti huzikwa siku hiyohiyo ikiwezekana. Mtu akifariki usiku Wingwi kule Pemba, jamaa zake walioko Konde au Chake Chake wanahitaji kujua mapema kama maziko ni baada ya adhuhuri au baada ya alasiri, na jeneza linatoka nyumba gani. Tangazo lazima litaje jina la marehemu, la baba yake na la babu, mtaa aliokuwa akiishi, na ndugu zake wanaojulikana, kwa sababu majina yanafanana mno. Mtangazaji mzuri hasomi karatasi aliyoletewa mpaka ampigie simu sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa huo, au mmoja wa wafiwa athibitishe. Kumtangazia mtu kifo akiwa hai ni jambo ambalo familia haisahau. Kwa maoni yangu, kijana aliyejifunza kuthibitisha tangazo la kifo ameshajifunza nusu ya uandishi wa habari, hata kama hajakanyaga chuo.

Nusu ya pili ni kuijua saa ya wasikilizaji wake. Ratiba za redio kubwa hufuata saa ya ukutani: taarifa ya habari saa mbili, magazeti asubuhi, michezo jioni. Pwani watu wanafuata mwezi. Chukua kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara Unguja mwaka 1989 na ambacho wakulima wake wengi ni wanawake. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka sana mnamo saa tatu hadi saa tano asubuhi, na wote wako baharini wakifunga kamba na kuvuna. Kipindi cha akina mama kikiwekwa saa nne, kwa wiki nzima kinazungumza na nyumba tupu. Kituo kinachowajua watu wake hukirudia kipindi hicho baada ya magharibi, au hukihamisha kabisa. Wavuvi wa dagaa nao hutoka usiku wa giza na kupumzika usiku wa mbalamwezi. Msimu wa karafuu familia nzima huhamia mashambani, redio ndogo ya betri ikitundikwa mkarafuuni, na kinachosubiriwa zaidi ya yote ni utabiri wa mvua, maana karafuu ziko juani kwenye majamvi. Ratiba ya aina hii haiwezi kupangwa na mtu aliye mbali. Anaijua yule ambaye mama yake yuko kwenye mwani.

Ukaribu huo una upande wake mgumu. Mtangazaji anaishi na anaowazungumzia; atawakuta barazani, kwenye gari ya abiria, harusini. Ikija habari ya udhalilishaji wa mtoto, na mtuhumiwa ni mjomba wa rafiki yake, muhali unamfunga mdomo. Wapo wazee watakaomwita pembeni wamwambie, "Mwanangu, mambo haya tuyamalize wenyewe." Hapo hatakiwi kuachwa peke yake. Jina la mtoto na hata shehia yake, yaani eneo lililo chini ya sheha wake, vifichwe, habari isomwe na mwengine asiye na udugu na upande wowote, na mhariri ndiye abebe lawama. Kituo kisicho na utaratibu huu kitanyamaza kwenye mambo yanayouma zaidi, na kitabaki na salamu na muziki.

Kuhusu fedha, nasema wazi: kujitolea kusifanywe kisingizio cha kumtumikisha mtu bure. Kijana anayetoka kijiji cha mbali kila siku anahitaji nauli na chai. Asipopata ataondoka, na ataondoka akiwa ameshaiva, kwenda redio ya mjini. Vituo vingi hujaza pengo hilo kwa miradi ya mashirika: vipindi vya afya, vya mazingira, vya uchaguzi. Vingi ni vizuri. Lakini mradi ukiisha kipindi nacho hufa, na baada ya muda ratiba hufuata mwenye fedha badala ya mwenye kijiji. Kamati ya wakaazi inayostahili jina hilo ni ile inayoweza kumwambia mfadhili kuwa kipindi chake hakiwafai watu, au kwamba saa anayoitaka ni ya mwani. Nayo ilipe nauli za watangazaji kabla ya kununua mikisa mpya, ule mtambo wa kuchanganya sauti.

Anayetaka kujiunga haanzii kwenye maikrofoni. Kwanza atapokea matangazo mlangoni, atasikiliza malalamiko ya wasikilizaji wanaopiga simu, atatembea na kinasa sauti dikoni na kondeni. Akija na sauti za watu watatu wasiokubaliana juu ya jambo moja, na wote watatu wakikiri kuwa maneno yao hayakupindishwa, huyo amestahili kupewa zamu.