Breka ikishuka, usiweke kubwa zaidi

"Breka inashuka kila jioni. Niwekee ya ampea 32." Wenye nyumba za kupanga huagiza hivyo kama wanaagiza balbu, na fundi akikataa watamtafuta mwingine atakayekubali. Atapatikana tu, na kazi yenyewe haichukui hata dakika kumi.

Wanachoamini ni kwamba breka inalinda vyombo vya mpangaji, kwa hiyo inayoshuka ovyo ni mbovu au ndogo. Ukweli ni kwamba breka inalinda waya uliofukiwa ukutani. Waya wa taa wa milimita mraba 1.5 (unene wa shaba yake) unakaa na breka ya ampea 6 au 10. Waya wa 2.5 wa soketi, unaotoka kwenye boksi na kuishia soketi ya mwisho, unakaa na ya 20.

Haya, piga hesabu ya saa moja jioni, vyumba viwili vikiwa kwenye laini moja. Jiko la umeme la wati 2,000, birika wati 2,000, pasi wati 1,200, na birika la jirani wati 2,000. Jumla wati 7,200. Gawa kwa volti 230, ni ampea 31. Breka ya 20 itashuka, tena haitashuka papo hapo. Kwa viwango vyake, mzigo ukifika mara 1.45 ya namba iliyoandikwa, bado inaruhusiwa kukaa hadi saa nzima. Ikishuka, ujue waya umeshabeba mateso kwa muda.

Sasa weka ya 32. Ampea zile 31 zitapita usiku kucha bila breka kushtuka, na hata 46 zinaweza kupita karibu saa nzima. Plastiki ya waya wa kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Ikizidishiwa hivyo kila jioni inakauka na kupasuka, kwa kawaida ikianzia kwenye maungio: nyuma ya soketi yenye skrubu iliyolegea, au juu ya dari ambako waya zimesokotwa na kufungwa selotepu. Hapo ndipo moto unapoanzia, na breka bado imesimama.

Kabla ya kulaumu breka, chomoa kila kitu kisha uipandishe. Ikishuka hapohapo, shoti iko kwenye waya au soketi. Ikikaa, chomeka chombo kimoja kimoja hadi umjue mkorofi. Kama inashuka baada ya dakika kadhaa vyombo vyote vikiwaka, ni mzigo. Kama mzigo ni mdogo lakini breka yenyewe ni ya moto ukiigusa, fundi azime mein swichi akaze skrubu zake. Dawa ya mzigo ni kila chumba kuwa na laini na breka yake, na jiko lipate waya wa 6. Hapo ndipo breka ya 32 ina kazi. Ndiyo, ni gharama. Lakini wewe mwenye nyumba, kodi unapokea.

Wenye nyumba wana kauli nyingine pia. "Nina breka, mtu hapigwi shoti." Anapigwa. Sehemu ndogo ya ampea moja inaua, na breka ya 20 haiioni kabisa. Kinachookoa mtu ni RCD ya miliampea 30, swichi inayokata umeme unapovuja. Bonyeza kitufe chake cha T kila baada ya miezi mitatu; isiposhuka, badilisha. Kitufe hicho hakipimi ethi (waya unaoingia ardhini), hiyo ipimwe kivyake na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

"Waya zikiungua ni shauri la TANESCO." Baada ya mita ya LUKU, waya zote ni zako.

"Tanki la maji lipo." Usimwagie maji umeme ambao haujazimwa, wala mafuta yanayowaka kwenye kikaango. Kikaango funika, zima jiko.

"Mtungi wa zimamoto upo." Upo wapi? Kama umefungiwa stoo kwako, haupo. Mtungi wa unga wa kilo 6 unaisha ndani ya nusu dakika, basi utundike karibu na mlango wa kutokea, na mshale wa geji uwe kwenye kijani.

"Nondo za madirisha ni usalama." Dhidi ya mwizi, sawa. Moshi ukijaa koridoni, chumba chenye nondo zisizofunguka ni mtego. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake zinafunguka kwa komeo la ndani. Kufuli hapana, kwa sababu ufunguo utakuwa kwenye mkoba wa mtu aliyeko kazini.

Pembeni ya mein swichi bandika karatasi yenye namba 114 ya Zimamoto, simu ya fundi, breka ipi ni ya chumba kipi, na jinsi ya kuielekeza nyumba kuanzia barabara ya lami. Anayepiga simu usiku anaweza kuwa mpangaji aliyehamia wiki iliyopita.