Umeme wa shingoni haumezi kwa niaba ya mgonjwa

"Mzee amepata kiharusi, hamezi, tumtafutie ile mashine ya umeme imfungue koo." Kila wiki nalisikia, hapa Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa. Ndugu wanachanga, mashine inaagizwa mtandaoni, pedi zinabandikwa shingoni, mzee analala chali nusu saa akitekenywa, halafu anainuliwa na kupewa uji. Naomba tuelewane: koo lake halikuziba, kwa hiyo hakuna cha kufungua.

Kiharusi kimegonga amri inayotoka kwenye ubongo. Kumeza kwenye koromeo huchukua chini ya sekunde moja hivi, na ndani ya muda huo misuli zaidi ya 20 inafanya kazi kwa zamu, ikiongozwa na neva za fuvu namba 5, 7, 9, 10 na 12. Mfupa wa hioidi, ule mdogo ulio juu ya kikoromeo, unapanda na kusogea mbele, kikoromeo kinaufuata, nyuzi za sauti zinafunga, kifuniko kinalala juu ya njia ya hewa, mlango wa umio, njia ya chakula, unalegea na kuvutwa wazi. Pedi mbili juu ya ngozi haziwezi kupanga zamu hiyo. Zinachojua ni kubana msuli ulio karibu nazo.

Na hapa ndipo wengi hawataki kusikia, hata wenzangu wa fiziotherapia. Msuli gani ulio karibu? Chini ya kidevu bahati ni nzuri kiasi: misuli ya hapo huvuta hioidi juu. Ila shuka chini ya hioidi, mbele ya kikoromeo, mahali watu wanapopenda kubandika. Msuli unaokutana na umeme kwanza ni ule mrefu unaotoka kwenye mfupa wa kifua kwenda hioidi, na kazi yake ni kuvuta chini. Mdogo unaoinua kikoromeo umefichwa nyuma yake. Ukiongeza umeme, unaoshinda ni ule mrefu wa mbele. Weka kidole kwenye kikoromeo chako umeze mate: kinapanda, kinarudi. Sasa fikiria kitu kinakishikilia kuelekea kifuani wakati huohuo.

Hili limepimwa kwa eksirei ya video. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Ianessa Humbert na wenzake, walionyesha kwamba kwa watu wazima wasio na ugonjwa umeme wa shingoni unateremsha hioidi na kikoromeo wakiwa wametulia, na wakimeza kikoromeo kinapanda pungufu. Mwaka 2007 timu ya Christy Ludlow ikawapima wagonjwa 11 wenye tatizo la kumeza la muda mrefu: hioidi ikateremka vilevile. Chakula kuingia njia ya hewa kulipungua kwa umeme hafifu tu, ule wa kuhisi bila msuli kubana. Kwa umeme wa juu kabisa hakukupungua.

Kwa hiyo umeme huo ni mzigo. Mgonjwa ambaye kikoromeo chake bado kinapanda vizuri, mzigo huo unaweza kumjenga, kama kupandisha ndoo kutoka kisimani. Ambaye kikoromeo chake kinatikisika tu, umemwongezea uzito mlangoni mwa mapafu. Bila kujua yuko kundi gani, usiwashe. Na kutokukohoa si ushahidi wa usalama: wako wanaopaliwa kimyakimya, nimonia ndiyo inayoleta habari.

Mipangilio. Mashine zilizotengenezewa koo, kama VitalStim iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2001, hutumia mapigo 80 kwa sekunde, upana wa pigo mikrosekunde 700, na nguvu inayopandishwa polepole isiyozidi miliampia 25. Mgonjwa huhisi sisimizi, kisha joto, kisha kama anashikwa. Nyingi za mfukoni za kutuliza maumivu hazifikii upana huo wa pigo, hata ukizungusha kitufe mpaka mwisho. Na muda wote anameza, ameketi wima: saa moja iishe akiwa amemeza mara 60 au zaidi. Akilala tu, umechosha msuli bila kuufundisha ubongo kitu.

Nyoa ndevu, osha mafuta na vumbi, kausha. Kiangazi cha Dodoma kinakausha jeli ya pedi haraka sana. Pedi iliyokauka upande mmoja inakusanya umeme wote upande uliobaki na ngozi inaungua. Tupa. Usibandike pembeni ya shingo penye mshipa unaodunda, presha na mapigo ya moyo vinaweza kushuka ghafla. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo, uvimbe wa saratani shingoni, kifafa kisichotulia: hapana.

Kuna umeme mwingine unaopitishwa kwa mpira wa puani hadi koromeoni, mapigo 5 kwa sekunde, dakika 10 kwa siku, siku 3. Huo unaamsha hisia, msuli si lengo. Jaribio kubwa la mwaka 2016 kwa wagonjwa wa kiharusi halikuonyesha faida. La mwaka 2018, kwa waliotobolewa koo ili wapumulie bomba, 49% walikuwa tayari kutolewa bomba dhidi ya 9% ya waliowekewa mpira bila umeme. Usichanganye matokeo yake na ya pedi.

Kinachonisumbua mimi ni hiki: wengi hurudisha kumeza ndani ya wiki za kwanza hata bila mashine. Mgonjwa akipona wiki ya tatu akiwa na pedi shingoni, siwezi kuapa kwamba ni pedi. Saa moja ya kumeza kwa nguvu, kwa makusudi, ndiyo ninayoiamini zaidi.

Fedha ya mchango ianze na mswaki, kinywa kisafishwe kila baada ya mlo, na bomba la sindano la mililita 10. Aliyempima mgonjwa akisema uji uwe mzito kiasi fulani, upime: chomoa kijiti cha kusukumia, ziba ncha ya bomba kwa kidole, jaza hadi 10, achia sekunde 10, ziba. Ikibaki chini ya 1 ni maji hayo. Kati ya 1 na 4 ni mwepesi kidogo, 4 hadi 8 mzito kidogo, zaidi ya 8 mzito. Uji wa uwele uchuje kwanza, chenga zinaziba bomba na kukudanganya. Upime ukiwa na joto lilelile la kunywewa, kwa kuwa ukipoa unaganda. Na kijiko kilichotoka mdomoni kisirudi kwenye kikombe kikubwa. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Dakika chache tu, uji ulioupima ukawa mzito unageuka maji mbele ya macho yako. Mimina kidogokidogo kwenye kikombe kingine, umlishie hicho.